Vickers, Bren, Browning au MG 42: hela ikitosha rashasha moja tu ya zamani, ukodi ipi?

Kama unaenda nje na una hela ya kukodi rashasha moja tu ya zamani kwenye uwanja wa shabaha, usianze kwa kuuliza ipi ina spidi, anza kwa kuuliza inapozaje mtutu wake. Nasema hivi kwa sababu kijiweni kwetu Kinondoni mjadala huu haulali, hasa tangu jamaa yetu mmoja baharia aanze kudunduliza hela ya kupitia Marekani. Kila mtu anamvuta kwake, huyu anasema MG 42 hamna mjadala, yule anataka Maxim kwa ajili ya historia yetu, na mwenyewe baharia anachosema ni kimoja, "kaka we nipe moja tu, nisije nikamaliza hela yangu kwa sekunde tatu." Ni swali la msingi kabisa hilo, na ntaonyesha kwa hesabu kwamba inawezekana kweli ukamaliza hela yako kwa sekunde tatu.

Hizi bunduki nimeshafyatua kadhaa huko nje, na kila mara naomba nibaki mpaka mwisho nisaidie kusafisha, maana kwenye kusafisha ndo unaona fundi aliyeichora alikuwa anawaza nini. Huku kwetu raia haruhusiwi kumiliki rashasha, hiyo ifutwe kabisa kichwani, kwa hiyo haya yote ni kwa anayesafiri au anayependa tu kuzielewa hizi mashine.

Sasa joto. Risasi ikilipuka, sehemu kubwa ya nguvu ya baruti haiendi kwenye kusukuma kichwa cha risasi, inageuka joto, na sehemu ya joto hilo inabaki kwenye chuma. Ukipiga mia mbili mfululizo kwenye mtutu mwembamba mtutu hausogeleki kwa mkono, ukiendelea unalainika, shabaha inapotea, njia ya ndani inalika. Mafundi wa zamani walijibu kwa njia tatu tu: kuuzungushia mtutu maji, kuufanya uchomoke haraka uweke mwingine, au kuufanya mnene uvumilie. Kutoka hapo ndo yanakuja mengine yote, uzito, idadi ya watu, aina ya usafi, hata hela utakayotumia.

Kuna jambo la pili linaloenda na hilo. Maxim, Vickers na Browning zinapiga zikiwa zimefunga, yaani risasi inakaa tayari kwenye chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu, ikisubiri pini. Bren, Lewis na MG 42 zinasubiri bolti, kile chuma kinachoingiza risasi na kufunga chemba, ikiwa nyuma, chemba tupu, ukivuta triga ndo bolti inakimbia mbele na risasi yake. Kwa nini ujue hili? Kwa sababu chemba ikiwa ya moto sana kwenye zile za kwanza, risasi iliyokaa ndani inaweza kulipuka yenyewe bila mtu kugusa triga. Browning yenye mtutu unaopozwa na hewa tu ndo ya kuangalia zaidi hapo. Kwa hiyo ukiona msimamizi wa uwanja anakuzuia kusogea mbele ya mtutu hata kama bunduki imenyamaza, msikilize, anajua anachofanya.

Tuanze na Maxim na Vickers kwa pamoja maana ni mama na mtoto. Hiram Maxim alikuwa Mmarekani wa jimbo la Maine aliyehamia London, na miaka ya 1883 na 1884 akatengeneza bunduki inayotumia teke lake lenyewe, ule msukumo wa kurudi nyuma, kutoa ganda, kuingiza risasi nyingine na kupiga tena. Kabla ya hapo rashasha zilikuwa za kuzungusha mkono. Wajerumani wakaichukua wakaja na MG 08, Warusi wakaja na ya kwao ya 1910 yenye magurudumu, Waingereza kampuni ya Vickers ikaigeuza ile bawaba ya kufungia bolti juu chini, ikapunguza chuma, wakaipokea jeshini 1912 na hawakuiacha mpaka 1968. Hebu fikiria silaha moja kukaa kazini miaka 56.

Kwetu hii bunduki ina historia chungu na siwezi kuipita hivihivi. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo ya Iringa, ile iliyoipa jina kambi yetu hapa Dar, msafara wa kamanda wa Kijerumani Zelewski ulikuwa na rashasha na mizinga lakini vitu vyote viko safarini, havijapangwa, na Wahehe wa Mkwawa wakawaingilia kwa ghafla wakaumaliza msafara kwa dakika chache tu. Rashasha ya maji isiyofungwa kwenye miguu yake, isiyo na mkanda wa risasi ndani, ni mzigo wa chuma na si kitu kingine. Halafu geuza upande wa pili, 30 Agosti 1905, boma la Mahenge, vita vya Majimaji, bunduki zilezile sasa ziko zimepangwa juu, zina uwanja wa kuona mbele, na Wambunga na Wapogoro waliokuja wazi wazi wakauawa kwa mamia. Ukielewa tofauti ya hizi siku mbili umeshaelewa rashasha nzito ni kitu gani: inataka kukaa, inataka muda wa kupangwa, ikishakaa ni balaa.

Na uzito wake ulibebwa na watu wa huku. Vickers na maji yake ni kama kilo 18, miguu mitatu peke yake inapita 20, bado maboksi ya mikanda, bado maji. MG 08 na ile sleji yake ya kuikalisha inapita kilo 60 kwa jumla. Mpagazi vita vya kwanza alikuwa anabeba kichwani kilo 25 hivi, kwa hiyo bunduki moja na risasi zake ni mlolongo wa watu, na wapagazi walikufa makumi kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Kariakoo tunayonunulia nguo ilikuwa kambi yao, na ile sanamu ya Askari pale Posta, iliyosimamishwa 1927, imewekwa kwa ajili yao pia, sio wapiganaji peke yao.

Turudi uwanjani. Vickers unaikaa nyuma umeketi, mikono yote miwili imeshika mishikio, unanyanyua kufuli ya usalama kwa vidole halafu unabonyeza triga kwa vidole gumba. Kuipakia ni raha: unapitisha kile kipande cha shaba cha mkanda kutokea kulia, unavuta mkono wa kukoki ulio ubavuni, unavuta mkanda kushoto, unaachia, unarudia mara ya pili, tayari. Inapiga risasi 450 mpaka 500 kwa dakika, mdundo wa taratibu unaoweza hata kuuhesabu, na haikurushi kokote kwa sababu miguu ndo inakula teke lote. Kuhamisha shabaha huisukumi, unaigonga ubavuni kwa kiganja, inasogea kidogo, unapiga tena, unagonga tena. Ndo walivyokuwa wanafundishwa na ukiishika unaona kwa nini, ukiisukuma inapitiliza.

Baada ya risasi mia sita hivi za kupiga bila kupumzika maji yanaanza kuchemka, unasikia kabisa yanatokota, mvuke unapita kwenye mpira unaingia kwenye kopo chini na unageuka maji tena. Hapo ndo watu wote uwanjani wanasogea kuangalia. Mtutu wenyewe walikuwa wanaubadilisha kwenye risasi 10,000 hivi, na hakuna nyingine kwenye ulinganisho huu inayokaribia hapo.

Ila matunzo, ndugu yangu, Vickers inataka mtu mwenye subira. Mtutu unapoingia na kutoka kwenye jaketi la maji lazima pafungwe pasivuje na huku mtutu unateleza mbele na nyuma kila risasi. Nilimwelezea fundi mmoja wa mashine wa mtaa wa Gerezani jinsi walivyofanya, akacheka kwa furaha akaniambia "hiyo si ndo pakingi ya pampu ya maji bwana!", na ndivyo, ni uzi unaozungushwa kwenye mfereji wa mtutu, unapakwa oili, unabanwa kwa nati. Ukibana kidogo maji yanavuja, ukibana sana mtutu unakuwa mzito kurudi na bunduki inakwama. Angalizo kubwa: uzi wa zamani ulikuwa wa asbesto, vumbi lake linaharibu mapafu, kwa hiyo bunduki yenye pakingi ya asili usiishike shike, wenye akili siku hizi wanatumia uzi wa grafaiti au tefloni. Halafu kuna springi iliyo kwenye boksi lake upande wa kushoto, ambayo inapimwa kwa mizani ya kuvuta na kurekebishwa, na kile kikombe cha mdomoni mwa mtutu kinachoongeza teke, kinajaa masizi magumu na lazima yakwanguliwe, la sivyo mdundo unaanza kulegea.

Kitu kinachonifanya niipende zaidi ni inavyokwambia imekwama wapi. Ule mkono wa kukoki unacheza pamoja na mtambo wa ndani, kwa hiyo bunduki ikinyamaza unaangalia mkono umesimama pembe gani. Wapigaji walifundishwa nafasi nne na kila nafasi ina dawa yake. Mkono ukiwa umelala mbele kabisa, bolti imefunga vizuri, basi ni risasi mbovu, au kwenye mkanda kuna nafasi tupu, au pini imevunjika, unakoki upya unaendelea. Ukisimama sehemu nyingine ujue kuna kitu kinazuia, ganda limekatika ndani, risasi imepinda, au teke halitoshi. Hakuna haja ya kufungua kitu kuanza kutafuta. Mwaka 1912 hiyo!

Mikanda ya Vickers ni ya turubai, risasi 250. Hii ni ya kuangalia sana sehemu zenye unyevu, mkanda ukiloa unavimba unashika risasi kwa nguvu, ukikauka vibaya unabana, na bunduki inayovuta mkanda mbaya inakwama kila saa. Wenye nazo wanaitunza mikanda kama wanavyotunza bunduki. Ukiona uwanja una mkanda uliochakaa kingo na nyuzi zinaning'inia, jiandae kwa kukwama kwama.

Bren sasa, na hapa ntakaa kidogo. Asili yake ni Czechoslovakia, mji wa Brno, Waingereza wakaichukua wakaigeuza itumie risasi yao ya .303 na kuitengenezea Enfield, jina limetoka kwenye hiyo miji miwili. Kilo 10 hivi, magazini iliyopinda inakaa juu, inapiga kama 500 kwa dakika kwa kutumia gesi inayochukuliwa kwenye mtutu na kusukuma pistoni. Hii ndo bunduki ya babu zetu wa KAR, lile jeshi la mkoloni Mwingereza la King's African Rifles, walikwenda nayo Burma, divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapita bonde la Kabaw 1944 kwenye mvua na matope na malaria, na batalioni za Tanganyika zilikuwemo.

Kuna mzee Temeke alikuwa KAR miaka ya mwisho kabla ya Uhuru, nilimfuata nikamwambia shikamoo mzee, nimekuja na swali la Bren. Akakaa vizuri kwenye kiti. "Marahaba mwanangu. Magazini imeandikwa thelathini, wewe weka ishirini na nane, springi itakushukuru." Halafu akachukua vifuniko vya soda akaanza kunipangia mezani jinsi risasi ya .303 inavyokaa, maana ile risasi ina ukingo matakoni, na kila unayoweka juu lazima ukingo wake uwe mbele ya ukingo wa ile ya chini, ukikosea zinashikana na bolti haiwezi kuisukuma ya juu. Mikono yake ilikuwa inafanya ile kazi bila hata kuangalia. Nimeona maelezo ya hilo jambo sehemu nyingi, ila yale ya vifuniko vya soda ndo yaliyonikaa.

Bren ni bunduki ya mtu mmoja kulala chini na kupiga anachokiona. Ina chaguo la risasi mojamoja na la mfululizo, ni tulivu, na shabaha yake ni nzuri mpaka kuna wanajeshi walilalamika kwamba ni nzuri kupita kiasi kwa rashasha. Vilengeo viko pembeni kushoto kwa sababu magazini imeziba katikati, dakika ya kwanza inasumbua, baadaye unasahau. Maganda yanatokea chini kwa hiyo angalia mkono wako wa kushoto usiwe hapo, ni ya moto. Kubadilisha mtutu ni sekunde chache, unainua kibano, unashika ule mshikio wa mbao, unazungusha, unasukuma mbele, umetoka. Kwenye kupiga kwa kasi walikuwa wanabadilisha baada ya magazini 10.

Matunzo yake ni mepesi kuliko Vickers lakini yana sehemu moja ya lazima: njia ya gesi. Pale kwenye mtutu kuna kirekebisho chenye matundu manne ya ukubwa tofauti, masizi yakijaa bunduki inaanza kupiga kwa uvivu, inashindwa kutoa ganda, na dawa ya haraka ni kugeuza tundu kubwa zaidi. Ila hiyo ni dawa ya vitani tu. Kazi ikiisha unavua, unazibua kila tundu, unasugua pistoni na silinda yake mpaka ing'ae. Kuifungua yote hauhitaji spana wala bisibisi, vipande ni vichache na vikubwa, mtu aliyefundishwa mara moja anairudisha mwenyewe. Kwa mgeni anayetaka kuhisi kwamba ameifahamu bunduki kwa siku moja, hii ndo itakayomfungukia.

Browning M1919 ni ya katikati, kila kitu chake ni cha katikati. Kazi ya John Moses Browning wa Utah, kilo 14 bila miguu, risasi ya .30-06, kati ya 400 na 600 kwa dakika kutegemea ipi. Haina maji, mtutu mnene ndani ya koti lenye matobo. Ni ngumu kufa, inakula mkanda bila kuchagua sana, na huko Marekani nyingi zimegeuzwa zitumie 7.62 ya NATO ambayo inapatikana kirahisi. Shida yake mbili. Mtutu haubadilishiki upesi, lazima ufungue nusu ya bunduki, kwa hiyo ikipata moto unasubiri tu. Na ile nafasi kati ya uso wa bolti na matako ya risasi inawekwa kwa mkono, unauzungusha mtutu kwenye nyuzi zake mpaka ukae panapotakiwa, na ikiwekwa vibaya ganda linapasuka ndani na gesi inakurudia usoni. Sio ya kucheza nayo. Muulize msimamizi kama ameipima leo, na kama anashangaa swali lako, ondoka, chagua nyingine.

MG 42 watu wanaipenda kwa ule mlio, na kweli unapita kwenye mifupa. Risasi 1,200 kwa dakika, maana yake 20 kila sekunde. Piga hesabu na baharia wetu: mkanda wa risasi 50 unaisha kwa sekunde mbili na nusu. Zilezile 50 kwenye Vickers zinakuchukua sekunde sita na zaidi, na kwenye Bren ukipiga tatu tatu zinakupeleka dakika kadhaa za kulenga, kupumua, kulenga tena. Huko unalipia kwa risasi, sio kwa saa.

Kiufundi naiheshimu sana. Wajerumani waliitengeneza kwa mabati ya kukandamizwa badala ya kuchonga chuma kizima, ikawa rahisi na haraka kuliko MG 34 iliyotangulia, bolti inafungwa kwa rola mbili ndogo, na mtutu unachomoka ubavuni kulia kwa sekunde chache. Lazima uchomoke, maana kwa spidi ile mtutu unatakiwa kupumzishwa baada ya risasi kama 150 mpaka 250. Unahitaji glavu nene na mitutu ya akiba iliyopangwa pembeni. Rola na bolti ndo roho yake, zikiwa zimechakaa mdundo unapotea na hatari inaongezeka. Na ujue nyingi utakazokuta zimeandikwa MG 42 ni M53 ya Yugoslavia, nakala nzuri tu, ila inapiga taratibu kidogo. Sio utapeli kama wamekwambia, kwa hiyo uliza.

Lewis ntaitaja tu kwa sababu ilipigana hapa Afrika Mashariki vita vya kwanza. Ya Kanali Isaac Newton Lewis wa Marekani, sahani ya risasi 47 juu, kilo 12 au 13, ndani yake kuna springi ya kujiviringa kama ya saa. Nzuri kuiona, kuikuta uwanjani ni bahati, na vipande vyake ni vingi mno kwa siku ya kwanza.

Sasa uamuzi wangu, na mi naamua kwa idadi ya risasi utakazoweza kulipia. Kama ni chini ya mia, chukua Bren bila kuwaza mara mbili. Utapiga moja moja, utapiga tatu tatu, utabadilisha magazini mwenyewe, utabadilisha mtutu, utaondoka unajua kitu. Kama unaweza mkanda mzima wa 250, Vickers, na hapo usikubali kupunguziwa, kwa sababu uzuri wake uko kwenye urefu, kwenye ule mdundo usiochoka. Browning ni pale Vickers haipo au iko matengenezo na wewe unataka mkanda. MG 42 mwachie mtu ambaye ameshapiga nyingine. Maxim yenyewe, kama utaikuta nzima na inafanya kazi, iweke kwenye daraja la Vickers, tofauti utakayoiona zaidi ni uzito.

Upatikanaji wa risasi sio jambo dogo na historia yetu inalisema. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku vita vya kwanza, baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, aliokota risasi za Waingereza laki sita hivi, na alipojisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, Novemba 1918, kati ya rashasha zake 37 za Kijerumani zilikuwa 7 tu, 30 zilikuwa za Waingereza. Alitumia bunduki ambayo risasi zake zinapatikana. Uwanja nao uko hivyohivyo, Vickers nzuri kabisa inaweza kukaa kabatini kwa sababu .303 imeadimika mwezi huo, kwa hiyo unapiga simu mapema unauliza risasi kabla ya kuuliza bunduki.

Ukipiga hiyo simu uliza na hili: risasi ni za zamani za jeshi au mpya? Zile za zamani fataki yake, ile ya kuwashia baruti, inaacha chumvi ndani ya mtutu, na sisi wa pwani chumvi na unyevu tunajua vinafanya nini kwa bati la nyumba Kigamboni, huhitaji kuelezwa. Oili peke yake haiondoi chumvi, inaifunika tu. Dawa ni maji, ya moto sana, yanamiminwa ndani ya mtutu kutokea nyuma, chuma kinapata joto kinajikausha chenyewe, halafu kitambaa kikavu, halafu ndo oili. Waingereza walifanya hivyo miaka yote. Kwenye Vickers na Browning kazi hiyo ni ya mtutu na kikombe cha mdomoni zaidi, kwenye Bren na Lewis chumvi imefuata gesi mpaka kwenye pistoni na silinda, kwa hiyo navyo vinaoshwa, ukisahau kesho yake asubuhi vimeshavaa rangi ya kahawia. Omba ubaki kwenye hii kazi. Wengi wanakubali kwa furaha, maana Marekani tangu sheria ya Mei 1986 raia hawawezi kusajiliwa rashasha mpya, zilizopo ndo hizohizo, bei zimepaa, spea za shida, na mwenye bunduki anamkumbuka mgeni aliyeishika kwa adabu. Ndo sababu hiyohiyo watakukataza kupiga mfululizo mrefu kwenye Bren na Browning, wanalinda mitutu.

Mambo ya makaratasi, hasa kwa sisi wa viza: sheria ya shirikisho ya Marekani inamzuia mtu aliyeingia kwa viza ya muda kushika silaha mpaka awe ndani ya msamaha fulani, na ule unaotumika sana ni kuwa na leseni ya uwindaji ya jimbo lolote la huko. Viwanja vinalijua hili, wengine watakuelekeza jinsi ya kupata leseni, wengine watakukatalia mlangoni. Waandikie kabla hujalipa tiketi, eleza kabisa una pasi ya Tanzania na viza ya aina gani, wakujibu kwa maandishi. Vaa kinga mbili za masikio, plagi ndani na zile kubwa juu, miwani, na shati lenye kola iliyofungwa maana ganda la moto likiingia shingoni utaruka na bunduki mkononi. Na siku ya kurudi kagua mifuko ya suruali na begi vizuri, ganda tupu, kipande cha mkanda, risasi ya bandia, vyote viache hukohuko, maana mashine ya kukagulia mizigo pale uwanja wa ndege wa JNIA haitajua kwamba ni kumbukumbu na wewe utakuwa umesimama pembeni unaeleza huku ndugu zako wanakusubiri nje.